Wale Njiwa wa Dirishani

Mama mtu mzima amesimama dirishani, anapunga mkono. Chini, mwanawe yuko na gari lake la kazi, na jirani yao mwenye kamera mpya anarekodi tu, kwa sababu kamera ni mpya na mkono unamwasha. Hakuna aliyemtuma. Hakuna sherehe. Siku zinapita, yule mama anafariki. Mwanawe anamwendea jirani, anaomba aonyeshwe tena ule mkanda. Projekta inaanza kunguruma, na mama yule pale, dirishani, anapunga mkono. Mwanawe anatazama hadi mwisho, kisha anasema jambo ambalo nimelibeba miaka mingi: kwamba ni kazi nzuri mno hii mnayoifanya, kwani mtu amekufa na bado yupo.

Filamu hiyo inaitwa Amator, ya mwongozaji wa Kipolandi Krzysztof Kieślowski, ya mwaka 1979. Nimeiangalia mara saba au nane sasa, na kila nikifika kwa mama huyo lazima niisimamishe kidogo.

Mimi ni mpiga video wa harusi. Nilianza Arusha mwaka 2003 kwa kamera ya kuazima, na hadi leo nyumba yangu inakula kwa kazi hiyo. Filamu ya Kipolandi ilinifikia kwa njia ya makaburi. Pale Tengeru, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, wamezikwa Wapolandi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili waliishi pale watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, katika vibanda vya mviringo vilivyoezekwa kwa nyasi. Wasovieti walikuwa wamewang'oa makwao na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Walipoachiwa wakapitia Uajemi, ndipo wakaletwa Afrika Mashariki. Mwaka mmoja mgeni kutoka Poland alinikodi nimrekodi akitafuta kaburi la bibi yake. Alipolipata alipiga magoti, akaanza kung'oa majani kwa vidole, jani moja moja, kama mtu anayemsuka mtoto nywele. Niliacha jiwe lenye jina nikarekodi mikono. Tukiwa tunarudi, siku ya Jumatano, soko la Tengeru limefurika hadi barabarani, aliniuliza kwa nini nimerekodi mikono yake. Sikuwa na jibu. Akasema kuna filamu ya kwao ambayo ni lazima niitafute, akaniandikia jina lake kwenye kipande cha karatasi.

Yule jirani mwenye kamera ni Filip Mosz, anayeigizwa na Jerzy Stuhr, mnunuzi wa vifaa katika kiwanda cha mji mdogo. Amekulia bila wazazi. Yote aliyowahi kuyatamani yanaenea kwenye sebule moja: mke, nyumba yenye mlango wa kufunga, mtoto. Filamu inapoanza, mkewe Irka ameshikwa na uchungu wa kuzaa, na Filip amepagawa kwa furaha na hofu. Kwa fedha za mishahara ya miezi miwili amejinunulia kamera ndogo ya milimita 8. Anataka kumrekodi mtoto anavyokua. Basi, hana jingine.

Asiyewahi kuishi bila kitu chake mwenyewe anaweza kuiona ndoto hiyo kuwa ndogo. Katika Poland ya miaka ya 1970 watu walikaa kwenye foleni ya nyumba za ushirika kwa miaka mingi, na vijana waliooana walibanana na wazazi wao katika fleti ya vyumba viwili. Mtu aliyepata fleti, mke na mtoto alikuwa amefika. Mimi na mke wangu tulianza na chumba kimoja Ngarenaro, choo cha nje, familia sita. Siku tuliyohamia penye jiko letu wenyewe, mke wangu alifunga mlango na kuufungua mara tatu, bila kusema neno.

Mkurugenzi wa kiwanda anapata habari kwamba kuna kijana ana kamera. Kiwanda kinatimiza miaka 25, na anataka sherehe irekodiwe. Jambo hilo lilikuwa la kawaida kwao: mashirika ya umma yalifadhili klabu za filamu za wafanyakazi, kiwanda kikitoa chumba na vifaa, watu wakirekodi baada ya zamu. Klabu moja ya namna hiyo, Klaps, ilikuwa Chybie, kijiji chenye kiwanda cha sukari kusini mwa nchi, na mtu wake mkuu, Franciszek Dzida, ni miongoni mwa wale ambao Kieślowski aliwatazama alipomuumba Filip.

Sherehe inafika. Filip anarekodi hotuba, anarekodi wageni, lakini kamera yake haitulii mezani kwa wakubwa. Inawaona njiwa waliotua dirishani. Inawaona watu wakitoka kwenda msalani. Mkurugenzi anapoonyeshwa kazi ile anataka vipande fulani vitolewe. Njiwa hawa ni wa nini? Wana uhusiano gani na miaka 25 ya kiwanda?

Kila aliyefanya kazi yangu anakijua kikao hicho. Mwenyekiti wa kamati ya harusi, mhazini na mjomba mmoja wanakaa mbele ya televisheni, na wewe unakaa pembeni na rimoti. Mtoto amelala chini ya meza, mdomo wazi: hapo kata. Mpishi anajifuta jasho kwa khanga: kata. Bibi anafunga kipande cha ndafu kwenye leso na kukitia mkobani: kata, kata, hiyo ni aibu. Kinachobaki ni meza kuu, keki, msafara wa magari, na foleni ya kutoa zawadi inayochukua nusu saa nzima. Kwa miaka mingi nilikata bila kubisha, maana aliyelipa ndiye mwenye mkanda.

Mwaka 2011 alinijia mzee mmoja. Nilikuwa nimeshuti harusi ya bintiye miaka mitano nyuma. Mkewe alikuwa amefariki, na katika mkanda alionao nyumbani mkewe anaonekana mara mbili tu: anaingia ukumbini akiwa katikati ya mashangazi, na anakabidhi zawadi akiwa ameipa kamera mgongo. Mzee aliuliza kama ninacho kipande kingine, hata kidogo. Siku zile kanda za kamera zilikuwa ghali, na wengi wetu, tukishamaliza kuhariri, tulirekodi juu yake harusi ya wiki inayofuata. Nilimweleza ukweli huo. Alivua kofia yake, akaiweka gotini, akainyoosha kwa kiganja. "Basi, mwanangu," alisema. "Nilidhani labda."

Hilo "labda" lilininyima usingizi. Nilitafuta wiki mbili, nikitazama kanda moja baada ya nyingine. Hatimaye nikakuta kanda moja ambayo harusi ya pili haikuijaza. Mwishoni palibaki mabaki ya ile ya kwanza, kama sekunde 40. Ni nyuma ya ukumbi. Mama yule amefunga khanga kiunoni juu ya gauni lake la sherehe, ameinamia sufuria la pilau. Anachota kidogo kwa mwiko, anaweka kiganjani, anaonja. Anatikisa kichwa, anamwambia kitu mpishi. Kisha anageuka, anaiona kamera, anacheka na kunifukuza kwa ule mwiko. Kamati ilikuwa imekitoa kipande hicho: mama wa bibi harusi hapaswi kuonekana jikoni.

Mzee alikitazama mara ya kwanza akiwa amesimama. Nilimvutia kiti. Alikirudia sijui mara ngapi, akaniomba nikisimamishe pale anaponyanyua mwiko. "Alikuwa hivyo hivyo," alisema. "Hivyo hivyo kabisa."

Kwa hiyo suala la wale njiwa ninalichukulia kwa uzito wote. Hotuba ya mkurugenzi hakuna aliyewahi kuirudia kuitafuta. Watu wanarudi kutafuta kile kilichoingia kwenye kamera bila kualikwa, na mara nyingi ndicho kile kile tulichoamriwa kukitoa. Filip hakusomea jambo hili popote. Alilijua kwa jicho, na mimi nilihitaji miaka minane na mzee mmoja aliyevua kofia.

Filamu yake ya sherehe inapelekwa kwenye tamasha la watengenezaji wa ridhaa, inapata tuzo ya tatu. Amator kwa Kipolandi ni mtu wa ridhaa, na kwa asili yake ya Kilatini ni mwenye kupenda. Kiswahili kimelifikia jambo hilo kwa mlango mwingine: tunasema mchezaji wa ridhaa, ngumi za ridhaa, yaani mtu ameingia kwa radhi yake, hakushurutishwa na hakuajiriwa. Nalipenda neno letu kwa sababu lina swali ndani yake. Ridhaa ya nani? Ya anayecheza peke yake, au na ya wale wanaomsubiri nyumbani?

Hapo ndipo Irka anapoingia, na watu wengi ninaozungumza nao kuhusu filamu hii wanamwonea. Wanasema ni mke mwenye wivu, anamzuia mume asikue. Mtazame vizuri. Filamu inafunguliwa kwa mwewe anayemshukia kuku mweupe na kumdonoa hadi manyoya yanatapakaa. Hiyo ni ndoto ya Irka, ndoto ya usingizini. Huyu mwanamke ana hofu tangu mwanzo, na alichokitaka ni utulivu, kile kile Filip alichosema anakitaka alipomuoa. Walikubaliana. Kisha mmoja akapata kitu kingine kikubwa zaidi, na hakurudi kumuuliza mwenzake. Filip anashinda kiwandani, jioni yuko klabu, wikiendi yuko kwenye tamasha ambako kuna mwanamke mwingine anayeielewa kazi yake. Siku Irka anapoondoka, Filip anamtazama akitoka na mikono yake inanyanyuka, vidole vinaunda fremu. Mkewe anaondoka na yeye anapanga picha.

Sikuweza kumcheka. Usiku ambao Neema wetu alizaliwa, mwaka 2008, nilikuwa Babati nashuti sendofu. Simu niliizima ukumbini kama kawaida yangu, nikaiwasha saa saba za usiku.

Kieślowski alikuwa ameshaugusa utulivu huu miaka mitatu kabla, katika filamu iliyoitwa Spokój, neno ambalo kwa Kipolandi ndilo utulivu lenyewe. Ni Stuhr huyo huyo, safari hii akiwa Antek Gralak, kijana anayetoka gerezani na kwenda kufanya kazi ya ujenzi Silesia. Anataka mke, watoto, mahali pake. Hataki siasa wala ugomvi na yeyote. Vifaa vinaibwa pale kazini, wafanyakazi wanagoma, bosi anamshika mkono huu na wenzake wanamshika ule, na mwisho wenzake hao wanampiga. Analala chini akinong'ona neno hilo moja, spokój, spokój. Televisheni ya taifa iliifungia filamu hiyo hadi mwaka 1980. Na wimbi zima la filamu za wakati ule, za kina Kieślowski, Agnieszka Holland na Krzysztof Zanussi, Wapolandi waliliita sinema ya wasiwasi wa kimaadili. Wasiwasi kwao ni niepokój. Neno utulivu limo humo ndani, limekanushwa tu mwanzoni. Hakuna mtu katika filamu hizi anayeota utajiri. Wanaota kuachwa waishi, na hata hilo lina bei.

Anachokifanya Filip baadaye kinanigusa zaidi kuliko tuzo. Anamrekodi Wawrzyniec, mfanyakazi wa siku nyingi wa kiwanda kile, mtu mwenye kimo kifupi sana. Anamfuata kazini, anamfuata nyumbani kwa mkewe. Mkurugenzi haipendi: kwa nini uchague huyu kuonyesha kiwanda chetu? Lakini filamu inafika kwenye televisheni, na Wawrzyniec, aliyepita mbele ya macho ya watu miaka yote hiyo, anajiona, anaguswa sana. Kieślowski aliyajua macho ya namna hiyo tangu utotoni. Baba yake alikuwa na kifua kikuu, na familia ilihamahama ikifuata vituo vya matibabu. Kule Sokołowsko, milimani, watoto wasio na hela ya tiketi walipanda juu ya paa la ukumbi wa sinema na kuchungulia kwenye tundu la hewa. Walichokiona ni kipande cha kona ya skrini. Nami filamu zangu za kwanza niliziona kupitia mwanya wa mbao wa kibanda cha video, nikimwona shujaa kuanzia mabegani kwenda juu, kwa hiyo kwa muda mrefu sikujua kama amevaa viatu.

Kisha kamera inaumiza. Filip anatengeneza kipindi kuhusu mambo yanayokwenda kombo mjini, fedha za matengenezo zilizohamishwa. Anaamini anasema kweli, na anasema kweli. Lakini anayeachishwa kazi kwa sababu hiyo ni Osuch, mtu mzima aliyemlea na kumkingia kifua kiwandani. Halafu mkurugenzi anamchukua Filip wakatembee, anamweleza kwa upole jinsi fedha zile zilivyotoka na haja iliyozihitaji. Mkurugenzi si jambazi. Hilo ndilo gumu kulimeza. Ni mtu anayebeba mambo ambayo kamera haikuyaona, na kwa kuwa haikuyaona, Filip alidhani hayapo.

Mwaka mmoja baada ya Amator jambo linalofanana na hilo lilimpata Kieślowski mwenyewe. Alikuwa akitengeneza filamu halisi kuhusu kituo kikuu cha treni cha Warsaw, Dworzec. Usiku mmoja polisi wakaja wakachukua mikanda yote. Walikuwa wanamtafuta msichana aliyemuua mama yake na kuificha maiti kwenye makabati ya mizigo ya kituo hicho, wakadhani huenda kamera ilimnasa. Haikumnasa. Mikanda ikarudishwa, lakini alijiuliza: ingekuwaje kama ingemnasa? Angekuwa amewafanyia polisi kazi bila kujua. Tangu hapo aliachana kidogo kidogo na filamu za watu halisi, akageukia waigizaji. Alisema anayaogopa machozi ya kweli, hana hakika kama ana haki ya kuyapiga picha.

Mimi sina pa kugeukia. Harusi ni za watu halisi. Ila tangu nilipoisoma habari hiyo nimebadili vitu viwili. Kanda zangu zote na mafaili yote nayatunza, hata yale kamati iliyoyakata, na kabati limejaa hadi mke wangu ananung'unika. Na pale mtu anapolia kwa uchungu, mbali na sherehe, naishusha kamera. Nimekosa picha nzuri kwa ajili hiyo, na sijutii hata moja.

Mwisho wa filamu, Filip anachukua kipindi kilichobaki, anaufungua mkanda ambao haujasafishwa na kuuachia mwanga uule wote. Anarudi kwenye fleti tupu. Anaiweka kamera mbele yake, anaigeuza imtazame, anaiwasha. Kisha anaanza kusimulia usiku ule Irka aliposhikwa na uchungu, yaani tunarudi mwanzo kabisa, kabla hajarekodi chochote. Sauti yake ni ya mtu anayejaribu kukumbuka kama alikuwepo.

Usiku nilipoitazama mara ya mwisho, mwezi uliopita, nilizima kompyuta nikaenda jikoni. Mke wangu alikuwa amekaa na ungo, anachambua mchele.

"Mama Neema," nilimwambia, "ule usiku alipozaliwa Neema, hebu nisimulie."

Alinitazama. "Leo ndiyo unauliza, baba Neema?"

Alianza na mvua. Kwamba umeme ulikatika, na jirani yetu wa chumba cha tatu, mama muuza maandazi, alimshika mkono hadi barabarani huku amejifunika mfuko wa unga kichwani. Kwamba dereva wa teksi alikataa nauli, akasema atachukua siku mtoto akibatizwa, na hatukumwona tena. Kwamba pale wodini alihesabu mbao za dari, zilikuwa 31, na moja ilikuwa na doa lenye umbo la bata. Kwamba alinipigia mara tisa.

Hapo alinyamaza, akapepeta ungo, makapi yakaruka.

"Unarekodi?" aliuliza.

Simu yangu ilikuwa chumbani, kwenye chaji. Nilivuta kigoda, nikachota mchele kwenye sinia nianze kutafuta mawe, na yeye akaendelea kuanzia ile mara ya tisa.